Talatu na Maji ya Udhu

Kwa miaka mingi watu wa mtaa ule wa Kano walimhesabu Talatu kuwa mcha Mungu kuliko wote. Akitawadha hurudia, akimaliza hurudia tena, mpaka msikitini watu watoe salamu yeye bado ameshika birika. "Huyo ndiye mwanamke wa dini," walisema. Ugonjwa wakauvika kilemba.

Kisha Zulai, bintiye wa kwanza, akajifungua mtoto wa kiume, akarudi kwa mama yake kuogeshwa maji ya moto ya uzazi, kama ilivyo desturi. Talatu akamtazama mjukuu kwa mbali, mikono imemchubuka kwa sabuni. Mkojo wa mtoto ni najisi. Akimgusa, swala yake itakuwaje?

"Inna, mama yangu, kama humbebi, naenda kuogea kwa mama mkwe," Zulai alisema, machozi yakimlenga.

Hilo lilimchoma Talatu. Akaenda hospitali, akaeleza jinsi asivyoweza kuacha kuosha.

"Inna, imani yako haina kasoro," alisema Daktari Murja. "Ndani ya ubongo kuna sehemu inayopiga kelele pakiwa na hatari, na nyingine ya kuinyamazisha. Kwako hainyamaziki. Umeshaosha, lakini ubongo haupokei habari."

"Kwa hiyo nina wazimu?"

"Wazimu gani, na maswali yenye akili umeniuliza tangu asubuhi!"

Akampa vidonge vya kila siku, akamwonya kwamba havifanyi kazi upesi. Tena akampa zoezi: ashike anachokiogopa, aoshe mara moja, asirudie. Kelele zitapanda, kisha zitashuka zenyewe.

Malamu, mwalimu wa dini wa mtaani, naye alipoulizwa akasema, "Dini haikukutuma ujichune ngozi, Talatu. Mfuate daktari."

Wiki zikapita kwa shida. Alasiri moja, arubaini ikikaribia, Talatu akamnyooshea mjukuu mikono. "Haya, mume wangu, njoo kwa mkeo mzee."

Mtoto akamlowesha.

Jirani yake Delu akaangua kicheko. "Mume kakutia alama! Leo kisima kitakauka!"

Talatu hakucheka. Akabadili nguo, akajiosha mara moja, akatawadha, akaweka birika chini. Bado, bado hujatakasika, kichwa kilimwambia. Mkono ukalifuata birika; akaurudisha. Akasimama kwenye mkeka akasali na mashaka yake hivyo hivyo, machozi yakimtiririka, akimwomba Mola ampokee kama alivyo.

Alipotoa salamu kelele zilikuwepo, ila zimefifia kidogo.

"Zulai," akaita, "niletee mume wangu. Nawe kabandike maji motoni, nije nikuogeshe."