Mvua ya Mawe ya Nyasani

Nyasani wa Gesima alikuwa mtu wa maneno machache. Kwenye kituo cha kuuzia majani chai, wenzake wakibishana, yeye aliutazama ukungu ukipanda kutoka bondeni na kuzifunika safu za michai moja baada ya nyingine. Lakini lori la kiwanda lina tabia ya kuchelewa, na katika kulingoja ndipo alipojifunza mchezo wa kadi uitwao Shamba.

Kadi zake huuzwa dukani katika pakiti zilizofungwa. Hujui umepata nini mpaka ufungue. Kila mchezaji huchagua zake akapanga seti ya kuchezea, kisha hupanda mimea mezani kwa zamu. Anayejaza ghala kwanza ndiye mshindi. Mashindano makubwa hufanyika Nyamache, siku ya Jumapili, maana Jumamosi nusu ya wachezaji, walio Wasabato, wako kanisani. Kila mwaka Nyasani alitolewa mapema, na kila mwaka Duke, muuza simu wa Nyamache, alishinda kwa migomba yake mirefu. Nyasani alitaka kumshinda Duke mara moja tu maishani. Hakumwambia mtu.

Kulikuwa na kadi moja ambayo wakulima wa chai hawakuitaka kabisa: Mvua ya Mawe. Ukiicheza, hufuta kila mmea uliosimama mezani, wako na wa mwenzako. Aliyeikuta ndani ya pakiti aliitupa nje ya ua wa kituo bila kuitazama mara mbili, isije ikaita mvua ya kweli. Nani atembee na mawe mfukoni na chai yake iko mlimani?

Alasiri moja, akichuma, Nyasani aliota macho yakiwa wazi. Aliiona tena siku moja ya utotoni, mawe yalipokwisha kunyesha: mlima mweupe, kimya kizito, harufu ya majani yaliyochanika ikielea kana kwamba mtu alikuwa akichemsha chai mahali pasipo moto. Mama yake alikuwa ameinama katikati ya weupe ule, akichimba viazi vitamu. Vilitoka vizima, vina joto la udongo.

Mikono yake ikatulia juu ya mchai. Viazi!

Jioni ile alitoa migomba, mahindi na maparachichi katika seti yake, kadi alizozipenda. Akaweka viazi vitamu na mihogo, kadi zinazolazwa kifudifudi kama zimo udongoni, ambazo watu walimpa bure kwa uchache wa mavuno yake. Kisha akaenda nje ya ua wa kituo, akaokota kadi moja ya mawe iliyotupwa.

Mkewe, Loice, aliiona mezani.

"Baba Nyanchera, hiyo ni nini?"

"Kadi."

"Kadi naziona. Nauliza hiyo yenye mawe. Na chai yetu ndiyo imechipua!"

"Ni karatasi tu, mama."

"Basi karatasi yako ikalale kwa mbuzi."

Ikalala kwa mbuzi.

Huko Nyamache alishinda mechi za mwanzo polepole, bila kuigusa kadi ile, hata akajikuta kwenye fainali mbele ya Duke. Migomba ya Duke ilikuwa imesimama meza nzima.

"Mzee, shamba lako silioni," Duke akamtania. "Ama unalima usingizini?"

Watu wakacheka. Nyasani aliishika kadi yake. Duke alibakiza zamu moja tu ghala lijae. Nyuma ya Nyasani walisimama watu wa Gesima, na aliyahisi macho yao mgongoni kama jua la kabla ya mvua.

"Mnisamehe," alisema, akailaza mezani.

"Uuuwi!" Alikuwa Mokeira, jirani yake. "Nyasani, umetumaliza!"

Duke aliondoa migomba yake mmoja mmoja. Nyasani akavifunua viazi vyake, vizima vyote, kimoja baada ya kingine, taratibu kama mtu anayechimba. Ghala likajaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliinuka, wakasongamana mlangoni kutazama mbingu. Wingu moja la kijivu lilikuwa likipita mbali, upande wa Nyamira. Walilisindikiza kwa macho mpaka likapotea nyuma ya milima.

Mokeira ndiye aliyerudi wa kwanza.

"Haya, limepita," akasema. "Sasa mpigieni makofi."

Nyasani aliinama juu ya viazi vyake akawa anavikusanya, mtu asimwone anavyotabasamu.