Taji la Bati

Mtunza mavazi wa kikundi cha maigizo huongea pini zikiwa midomoni, na bado kila mtu humsikia. Hupima joto la pasi kwa kidole chenye mate, hung'arisha taji la bati kwa upindo wa gauni lake, na kila akimvisha mwigizaji wa mfalme humpiga kofi la mgongoni: "Haya baba, nenda kamuue kaka yako kwa ajili ya kofia ya bati. Huna hata haya!" Mwigizaji hucheka. Kuua anaweza, kinachomshinda ni majuto. Wiki ya tatu sasa mwongozaji anamfokea kwamba uso wake ni wa mtu aliyeachwa na basi, si wa mtu aliyemwaga damu ya ndugu yake.

Jana mwigizaji aliwahi mazoezini, akamkuta mtunza mavazi kwenye kiti cha enzi, taji kichwani, akiiamrisha pasi ipige magoti. Mama wa watu akaruka kama aliyekalia kaa la moto. Taji likabingirika, pini zikamwagika, jasho likamtoka. Hakuulizwa kitu. "Ni leo tu, baba. Na jana. Na ile siku mlipokwenda kula… Basi, ni kila siku, tangu mwaka juzi!" Mikono yake ilikuwa inafuta kiti kisicho na vumbi.

Mwigizaji akachuchumaa amwone vizuri usoni. "Uso ndio huo, mama! Hebu ungama tena, polepole."

Mtunza mavazi akaliokota taji, akalipuliza, cheko likamponyoka. "Basi ngoja kwanza nilivae."