Jumapili Zote Nilizonyamaza

Mwaka niliotimiza arobaini, daktari wa kazini aliniuliza kama kuna mtu wa nyumbani kwetu aliyewahi kuugua titi. Nikajibu hapana. Nilipofika mlangoni nikageuka, nikakaa tena. Mama yetu alifariki akiwa na kidonda kifuani. Tulikuwa tukikifunga kwa khanga kuukuu na kufukiza udi ili wageni wasisikie harufu. Msibani watu waliambiwa alisumbuliwa na kifua.

Daktari akaniandikia picha ya matiti, mamogramu. "Uje kila mwaka," akasema, "hata kama huumwi popote. Picha huona kitu kabla kidole hakijakigusa."

Nikaenda. Titi likabanwa kati ya vibao viwili vya baridi, mpiga picha akaniambia nibane pumzi. Iliuma, lakini kabla sijamaliza kuguna ilikuwa imekwisha. Majibu yakatoka salama. Nikarudi kwangu Boko na sikumwambia mtu.

Dada yangu anakaa Bunju. Ananizidi miaka sita, na mama alipofariki ndiye aliyenilea: alinisuka, alinifulia sare, alinifunza kupika. Kila Jumapili nilikuwa kwake. Tulikuna nazi, tukasema watu, tukacheka. Mara kadhaa nilitaka kumwambia naye akapime, nikaghairi. Nilijidanganya kwamba nasubiri wanawe watoke, tubaki wawili. Walipotoka, nilizungumzia vitambaa.

Nilipima mwaka huo, na mitatu iliyofuata. Mara nne.

Jumapili moja akafunga mlango wa chumbani, akauchukua mkono wangu na kuuweka ubavuni mwa titi lake la kushoto. "Mdogo wangu, hebu gusa hapa."

Kulikuwa na kivimbe kigumu kama kokwa ya zambarau.

"Tangu lini, dada?"

"Kabla ya Ramadhani. Haliumi, ndiyo maana sikutaka kuwasumbua."

Kesho yake nilimpeleka hospitali. Tulikaa kwenye benchi, nesi akijaza fomu. Alipomaliza maswali ya dada akanigeukia. "Na wewe ni ndugu yake wa damu, sivyo? Umeshawahi kupima?"

Ningeweza kudanganya. "Kila mwaka," nikasema. "Huu ni wa nne."

"Hongera," nesi akasema, akaondoka na fomu yake.

Dada hakunitazama. Alikuwa anazungusha pete kidoleni. "Mara nne?"

"Ndiyo, dada."

"Kwa sababu ya mama?"

"Ndiyo."

"Na Jumapili zote zile," akauliza, "tulikuwa tunaongea nini?"

Wakamwita jina, akainuka, akaingia peke yake.

Ilikuwa saratani. Titi liliondolewa lote, kisha zikafuata dawa za dripu zilizomnyonyoa nywele na kumkatisha hamu ya chakula. Dada ndiye aliyemuuliza daktari mbele yangu kama angekuja mapema ingekuwaje. Daktari akasema hawezi kuapa, lakini uvimbe ukionekana ungali mdogo, mara nyingi hukatwa kipande tu, na matibabu huwa mepesi. Dada akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wake, nikaomba kimoyomoyo aendelee kumtazama daktari, asinigeukie.

Leo yupo, anapika, anagomba, anahudhuria kliniki yake. Hajaniambia kwamba amenisamehe, nami sijathubutu kumwomba msamaha, maana najua atasema yameisha, na kwangu hayajaisha.

Mwezi uliopita alimwita binti yake mkubwa, mwenye watoto wawili sasa, akamkalisha mbele yangu. "Mwambie wewe," akaniambia. "Kwa mdomo wako."

Nikamweleza yote: ugonjwa wa bibi yake, daktari wa kazini, vile vibao, miaka yangu minne. Dada alisikiliza bila kunisaidia hata neno moja.

"Inauma, mama mdogo?" binti akauliza.

"Inauma kidogo."

"Tunaenda lini?"

"Jumanne," nikasema. "Ila usijipake poda wala manukato kwapani. Wanakataza, vinachafua picha."