Mjukuu Wangu Daktari Alinikana Mbele ya Wenzake

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche, na la mjukuu wangu lifiche zaidi, maana mie sina cha kuharibikiwa, yeye anacho. Umri wangu sikuandikiwa popote. Vita ya Mjerumani na Mwingereza ilipopigwa hapa Tanga nilikuwa na mwana mgongoni, basi pigeni hesabu wenyewe. Ni mjane, mkulima, nakaa upande wa Mwera. Kusoma kwangu ni Kurani tu chuoni kwa maalimu, herufi hizi nimejifunza ukubwani, kwa hiyo mkiona makosa yapiteni.

Nina rovu. Lilianza shingoni kama ndimu, sasa ni kama kidaka cha nazi. Siku hizi limeleta na mengine: moyo wanienda mbio nami nimeketi, mikono yatetemeka hata kahawa naimwaga, nala vizuri lakini nakonda, na nikilala chali pumzi yakwama. Nimekunywa makombe, sioni haya kusema. Maalimu aliniandikia aya kwa zafarani kwenye sahani, nikaosha, nikanywa. Moyo ulitulia kidogo, rovu likabaki pale pale.

Huyo mjukuu ni mtoto wa marehemu binti yangu. Nimemlea hajaota meno. Kasoma mpaka Uganda, karudi daktari, yumo hospitali mjini. Mie humwita mume wangu, naye huniita mke wangu, kama bibi na wajukuu wote wa kwetu. Siku moja akaja akaniambia, "Mke wangu, sisi madaktari tunaojifunza maradhi ya tezi ya shingo, kama hilo rovu lako, tuna baraza letu. Huja daktari mkubwa wa Kizungu kutufundisha. Kila mmoja analeta mgonjwa, anamweleza, wenzake wanauliza. Nataka nikupeleke wewe, utazamwe na mtu anayejua."

Nilifurahi jamani! Nikavaa kanga za sikukuu, nikalala mjini, Makorora, kwa shoga yangu, asubuhi nikaenda hospitali. Mlangoni mjukuu akanivuta kando.

"Bibi, humo ndani usiniite mume wangu."

"Wee! Nitakuaibisha? Mie niliyekuogesha?"

"Usiniite hata mjukuu. Nitakueleza baadaye."

Nikakubali, nikidhani ni adabu za kazi.

Wakaniweka kitini katikati, kanga imeshushwa mabegani, mwanamke wa kujisitiri kama mie! Mmoja mmoja wakaja nyuma yangu, wakaishika shingo kwa vidole. "Meza mate, mama." Nameza. Anakuja mwingine, "Meza mate, mama." Mwisho nikawaambia, "Mate yamekwisha, leteni maji!" Wakacheka wote, na maji yakaja. Mpaka hapo sikuwa na neno nao, walikuwa wakijifunza, na mie nilikuwa natazamwa.

Kulikuwa na dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali, aliyewekwa kugeuza maneno, naye Mungu kamjalia haachi hata moja. Yule mkubwa akauliza jambo, mjukuu wangu akajibu kirefu kwa Kizungu. Nikamkodolea macho dresa. Akanigeuzia: "Anauliza miaka yote hii jamaa zako walikuwa wapi. Daktari anajibu kwamba jamaa zako ni watu wa shamba, wajinga, wanakunywesha maji ya sahani. Yeye alikukuta tu alipokuwa akizunguka vijijini, akakuhurumia."

Alinikuta! Kama mbuzi aliyekata kamba!

Alipougua surua huyo, nani alimnywesha maji hayo ya sahani, akayamaliza akalamba na ukingo? Na nani alimbeba mgongoni mpaka Pangani kufuata dawa ya hospitali? Mjinga huyu huyu. Lakini nilikuwa nimekubali kunyamaza, na mie neno langu silirudishi. Nikapandisha kanga yangu.

Nje nikamshika mkono. "Wee mtoto, leo mie ni wa kukutwa?"

Akaanza kulia, mwanamume mzima na koti lake jeupe. "Bibi, nisamehe. Yule mkubwa alikwishatuambia kwamba daktari asiyeona rovu nyumbani kwake asimsumbue kumfundisha tezi. Nami lako naliona kila Idi. Nilikuwa nakula pilau yako, napanda gari narudi mjini. Ningesema nini?"

"Ungesema, huyu ni bibi yangu, nimechelewa."

Akajifuta macho kwa mkono wa koti, akarudi ndani kwa wenzake.

Sasa sikieni penye shida. Walinipa vidonge, na moyo kweli umepunguza mbio, siwezi kuwasingizia. Mwezi ujao baraza linakaa tena, wanitazame, kisha nikatwe shingo rovu litolewe. Lakini yule mkubwa anataka kwanza jamaa yangu asimame mbele yake aseme amekubali nipasuliwe, nami wa damu sina mwingine ila mjukuu huyo. Mjukuu wangu kaja juzi na shauri lake: "Bibi, nitamwomba shoga yako wa Makorora aseme ni dada yako." Nikamwambia toka, na chai yako iache hapo hapo.

Shoga yangu asema roho kwanza, niende na ninyamaze, uongo atausema yeye. Kwake rahisi, shingo si yake. Mie nafikiri, nisipokwenda, rovu litanibana pumzi mpaka linimalize. Nikienda na kumtaja, huenda yule mkubwa akamwondoa kwenye masomo, na nimemfikisha hapo kwa jembe langu mwenyewe. Nikienda na kunyamaza, je, nikifa chini ya kisu? Nitatolewa pale maiti isiyo na mwenyewe, na damu yangu imesimama kando ya kitanda haithubutu hata kupiga ukelele.

Nyie mliolea wajukuu wakawa wakubwa, niambieni. Msinipe pole, na msiniambie nivute subira, rovu halina subira. Nimtaje mbele yao, au nilale kwenye kitanda kile kama mtu asiye na mtu?