Mashine ya Kuuza

Biashara yangu ilianza kwa sababu ya mchanga. Nilikuwa nikiwapikia madereva wa malori pale Kikorongo, kwenye njia panda, ugali wa muhogo tunaouita obundu, pamoja na samaki. Siku moja dereva mmoja akatema tonge mbele ya wenzake. "Mama, hii unga yako iko na mchanga. Meno yangu nitaacha hapa!" Nilimjibu vibaya, maana mdomo wangu haujui kunyamaza, lakini nilipoonja mwenyewe nikasikia kweli, krr, krr. Unga wenyewe nilikuwa nimeununua sokoni, na muhogo wake ulikuwa umeanikwa kando ya barabara, kila gari likipita linaumwagia vumbi.

Basi nikaacha kununua. Nikakodi kiwanja Rukoki, nikafunga vichanja vya miti, nikaanika muhogo juu, mbali na miguu ya mbuzi. Majirani walicheka. Walisema nimeutandikia muhogo vitanda, sasa bado vyandarua. Nikawaacha wacheke. Haukupita muda mrefu, mikahawa ya Kasese ikawa inatuma boda boda kuchukua unga wangu, na Wakongomani waliovuka mpaka kuja sokoni Bwera wakawa wanaulizia unga wa "yule mama asiye na mchanga", utadhani mchanga wenyewe ulikuwa mwilini mwangu. Nikaweka mashine yangu ya kusaga, kisha ya pili. Hakuna aliyenitilia mtaji. Niliomba, nisidanganye, ila kila niliyemwomba alikuwa na safari ya ghafla.

Miaka ya elfu mbili na kumi ilipofika katikati, kituo kimoja cha televisheni kikaja Kasese kurekodi kipindi cha Kiswahili. Mpango wake ulikuwa rahisi: mwenye biashara ndogo anasimama mbele ya matajiri watatu, anaeleza anachotaka, nao wanaamua ama kutia fedha zao wapate sehemu ya biashara, ama kumrudisha nyumbani. Nikaambiwa mimi ni mmoja wa hao matajiri. Nilicheka mpaka nikakohoa. Wenzangu walikuwa mzee mwenye mabasi kutoka Fort Portal na mwanamke mwenye hoteli kutoka Kampala, watu wazuri wote wawili, ila walivaa viatu ambavyo Rukoki visingemaliza asubuhi moja.

Msimamizi wa kipindi aliniomba jambo moja tu, nizungumze Kiswahili sanifu, kile cha sokoni nikiache sokoni. Nikakariri. "Je, mtaji huo utautumiaje?" nilisema mbele ya kioo, binti zangu wakijishika mbavu kitandani.

Nilikuwa mgumu kwenye kipindi kile, na sioni haya kusema. Fedha niliyoitolea jasho siwezi kumpa mtu kwa sababu anatabasamu vizuri. Nilimkatalia mfugaji wa sungura, nikamkatalia mwenye saluni, nikamkatalia bwana mmoja aliyetaka kuwauzia watalii maji ya theluji ya Rwenzori. Mtaani watoto wakiniona walinipungia mkono na kupaza sauti, "Hapana!" Kusema kweli nilikuwa nafurahia.

Siku ya mwisho ya kurekodi akaingia mama mmoja aliyevaa kitenge kipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Alikuwa mzaliwa wa Butembo, upande wa Kongo, aliyekimbia vita na kuhamia Bwera, na kazi yake ilikuwa kupika sabuni ya mawese. Alipanga miche ya sabuni mezani, kisha akatuonyesha mikono. Ngozi ilikuwa imebabuka kwa soda kali ya kupikia sabuni mpaka kwenye viwiko, na vidole havikunjiki tena kwa kukoroga pipa zima kwa mwiko. Hospitalini walishamwambia aache kukoroga, la sivyo mikono itakufa. Lakini akiacha, watoto watakula nini?

"Naomba munisaidie makuta," akasema, yaani fedha. "Nataka kuuza mashine ya kukoroga."

Mzee wa mabasi akakuna kidevu. "Mama, kama una mashine ya kuuza, kwa nini unakoroga kwa mkono?"

"Sina mashine, papa! Ndiyo maana nataka kuuza!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwanamke wa hoteli akajaribu kwa upole. "Dada yangu, huwezi kuuza kitu ambacho huna."

Mama yule akaona anaitwa mwongo. "Nitauza! Munipatie makuta leo, kesho naenda nauza!"

Hapo hata mimi nilicheka, kwa sababu Kiswahili sanifu kilikuwa kimenijaa kichwani siku zote hizo. Mzee wa mabasi akasema hapana. Mwanamke wa hoteli naye akasema hapana. Mama akaanza kufungasha miche yake ya sabuni, na kwa vidole vile mmoja ukamponyoka ukaanguka karibu na miguu yangu. Alipoinama kuuokota nikamsikia akijisemea, "Bantu yote ya Bwera banajua niko nauzisha sabuni. Sasa mashine nitauza namna gani?"

Nikashtuka. Anauzisha sabuni! Ng'ambo ya mto wa mpakani, Kongo, kuuza ni kununua, na tunachokiita sisi kuuza wao hukiita kuuzisha. Hakuna mfanyabiashara wa Bwera ambaye hajawahi kugombana na mteja kwa sababu ya neno hili.

"Mama, ngoja," nikamwambia, na sanifu yangu yote ikanitoka. "Sabuni iko ya kuuzisha, mashine iko ya kuuza. Ni vile?"

"Ni vile!" akapiga kelele. "Toka mwanzo niko nasema vile!"

Nikawaeleza wenzangu kwamba anataka kununua. Mzee wa mabasi akajishika kichwa. "Mabasi yangu yanafika Bwera kila siku," akasema, "kumbe mimi mwenyewe sijafika."

Lakini kumwelewa mtu ni jambo moja na kutoa fedha ni jambo lingine. Nikamuuliza kama sabuni yake inatoa povu kwenye maji ya chumvi, maana huku kwetu kuna visima ambavyo maji yake yanakataa sabuni. Akaomba maji na chumvi, akavikoroga kwenye bilauri, akaosha leso ya mzee wa mabasi palepale, povu likafika mezani. Moyo wangu ulikuwa umeshakubali, ni mdomo tu uliokuwa unajivuta. Nikamwambia nitanunua mashine, nipate theluthi ya biashara. Akasema robo. Nikakaza palepale kwenye theluthi.

"Sawa, theluthi. Na matabishi?"

Matabishi ni nyongeza. Bei ikishapatana, muuzaji lazima akuongezee kitu juu, nyanya moja au konzi ya dagaa, la sivyo mnaachana na kinyongo. Sikujua kwamba tajiri wa televisheni naye huombwa matabishi. Nikamuuliza anataka nini.

"Siku mashine inafika, kwanza wewe ukoroge pipa moja. Na mukono. Ujue nini umeuza."

Wenzangu wakapiga makofi, wabaya sana wale. Nikasema ndiyo, na ilikuwa ndiyo yangu ya kwanza katika kipindi kizima.

Mashine ikafika Bwera siku ya soko. Mama akanivalisha glavu za mpira, akanipa mwiko mrefu kunizidi, na majirani wakajaa uani kumtazama tajiri. Mwanzoni nilitania. Kisha mawese yakaanza kuwa mazito na mabega yangu yakaanza kuwaka. Nilipotaka kupumzika akanikataza. "Bado, mama. Ukiacha sasa, yote inaharibika." Nikakoroga, jasho na machozi ya soda vikishuka pamoja. Nilipomaliza sikuweza kushika kikombe cha chai, ikabidi yeye aninyweshe, kwa mikono ile ile. Niliona aibu, naisema wazi. Nikamwambia robo inanitosha. Akaitikia haraka, kabla sijabadili mawazo.

Ndipo fundi akaunganisha umeme. Mama akamimina mafuta na soda, mashine ikaanza kuzunguka, naye akabaki amesimama hajui aiweke wapi mikono yake. Akaishika kiunoni, akaikunja kifuani, akaiachia ikaning'inia. Mwishowe akaketi juu ya jerikeni, akaegemea ukuta.

Sabuni ilipokuwa tayari binti zake wakaimimina kwenye visanduku vya mbao igande. Mashine ikaendelea kuzunguka tupu, na ubahili wangu ukaanza kuniwasha.

"Mama, tuizime," nikamwambia. "Inakula umeme bure."

Hakufumbua hata macho.

"Acha kwanza," akasema. "Bado niko napumuzika."