Mantra ya HAM ilivyonifungua koo siku walipokuja kunyakua uwanja wetu Buru

Niaje wakuu, na nyinyi mnaosoma kimyakimya bila kuchangia pia nawasalimu.

Nimeona kuna uzi wa mambo ya chakra humu. Nusu ya watu wanacheka, nusu wanakemea kwa jina la Yesu. Nikasema leo acha na mimi nitoe yangu.

Hii ilinipata mimi mwenyewe, Buruburu, miaka ya tisini. Majirani wa wakati huo wengine bado wako na wanaweza kunikana nikiongeza chumvi, kwa hivyo siongezi. Hata hivyo nikiikumbuka mwili unanisisimka mpaka leo, so mkiona naandika kwa makelele mnisamehe.

Mniite Nekesa. Mtu wa Bungoma. Bwanangu Wanjala alikuwa karani kwa reli, mimi nilikuwa typist kwa kampuni moja ya vitambaa Industrial Area. Tulikaa kwa court moja ya Buru, zile nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na katikati kuna uwanja. Uwanja wa kawaida tu, nyasi kidogo, vumbi mingi. Watoto wanacheza hapo, nguo zinaanikwa hapo, mtu akifiwa tunakutana hapo.

Sasa shida yangu ilikuwa koo.

Sio tonsils. Nikiwa na watu wangu naongea mpaka Wanjala anaomba break. Lakini mbele ya mtu mkali, au mkubwa, au umati, koo lilikuwa linajifunga. Kama umemeza tonge la ugali bila mboga likakwama hapo. Maneno nayaona kichwani, yamejipanga vizuri, lakini hayapiti.

Kuna mkutano wa wazazi nilisimama kuuliza kwa nini mwalimu anachapa msichana wangu Lusi hivyo. Nikatoa sauti ya kuku aliyekanyagwa. Watu wakacheka. Nikakaa. Msichana wangu aliangalia chini mpaka tukafika nyumbani.

Daktari alinimulika akasema koo ni safi, nipunguze mawazo. Akanipa dawa za kumumunya. Zilikuwa tamu. Nikazimaliza, koo likabaki vilevile.

Aliyenisaidia ni Bhavna.

Bhavna tulifanya naye kazi, yeye upande wa invoice. Mhindi wa kuzaliwa Kisumu, na wakuu, huyo mama alikuwa anaongea Kijaluo kuliko Wajaluo wengi wa Buru. Lunch tulikuwa tunakula pamoja kwa stoo, katikati ya marobota ya vitambaa, yeye na chapati na ndengu zake, mimi na githeri yangu.

Siku moja manager alinifokea kwa barua ambayo hata sikuichapa mimi. Nikafungua mdomo nijitetee. Hakuna kitu. Nikasema tu "sorry sir" kwa kosa la mtu mwingine.

Lunch ikafika, Bhavna akaniangalia sana.

"Nekesa, wewe una maneno. Lakini yanakaa hapa." Akanigusa kooni. "Sisi tunaita Vishuddha. Chakra ya koo. Yako imefunga."

Mimi nikajua ni ugonjwa. "Inatibiwa hospitali gani?"

Alicheka mpaka chapati ikamwanguka.

Kwa wale hawajui, nieleze vile alinieleza. Wao wanaamini mwilini kuna vituo vya nguvu, vimepangana kufuata uti wa mgongo kutoka chini mpaka utosini. Kila kituo kina mantra yake ya mbegu, neno fupi sana la Kisanskriti. Inaitwa mbegu kwa sababu ni ndogo na kila kitu kiko ndani. Huitafsiri. Mlio wenyewe ndio kazi.

Ya koo ni HAM.

Tamka kama neno "hamu" ukiikata hiyo u ya mwisho. Unakaa mgongo wima, mabega yameanguka. Unavuta pumzi kwa pua polepole mpaka tumbo lijae. Halafu unaachilia HA, koo wazi, na unafunga midomo unaiacha M ingurume mpaka pumzi iishe yenyewe. Akili yote iko kooni. Bhavna aliniambia nione mwanga wa bluu hapo, kama mbingu ya asubuhi isiyo na mawingu.

Mara ya kwanza, hapo kwa stoo, hata hiyo HAM ilikataa kutoka! Nilikuwa naona aibu mbele ya mtu mmoja tu, tena rafiki.

"Usiimbe," akaniambia. "Hakuna mtu wa kufurahisha hapa. Pumua tu, iache itoke."

Nikajaribu tena.

Wakuu. Ile mmmm ilianzia kooni ikashuka kifuani ikapanda kwa meno. Kama nyuki ameingia shingoni na hana haraka ya kutoka. Nikacheka. Halafu machozi yakaanza kutoka, na sikuwa nalia kwa sababu yoyote. Bhavna akanisukumia glasi ya maji, akaendelea kula chapati kama hakuna kitu kimetokea.

Nikaanza kufanya nyumbani. Asubuhi, jikoni, kabla niwashe stove. Mlango nafunga, naomba kwanza sala yangu ya kawaida, halafu HAM.

Sasa hizo kuta za Buru mnazijua. Siku moja Mama Chebet wa mlango wa pili akamsimamisha Wanjala nje.

"Baba, hongera kwa fridge."

"Fridge gani?"

"Hiyo mmenunua. Lakini muitazame, asubuhi inanguruma sana."

Hatukuwa na fridge.

Kesho yake Wanjala aliamka mapema akanikuta jikoni, macho nimefunga, nanguruma. Akasimama mlangoni na vest, mikono kichwani.

"Mama Lusi. Hii ni nini unaita kwa nyumba yangu?"

"Siiti kitu. Nafungua koo."

"Na kama hilo ni jina la mungu wao?"

Mimi ni mtu wa kanisa, Wanjala pia, na swali lilikuwa la haki. Nikalipeleka kwa Bhavna vile lilivyo.

Hakunizungusha. "Sitakudanganya, kwetu ni kitu kitakatifu. Mimi nikiisema naomba. Wewe ukitaka, iwe pumzi na mlio tu, na uombe Mungu wako. Ukisikia moyo unakataa, wacha. Tutabaki marafiki."

Nilimpelekea Wanjala jibu hilo. Akafikiria siku nzima. Jioni akasema, "Huyo mama ni mkweli. Endelea, lakini punguza volume."

Nikaendelea. Sikuona miujiza yoyote. Niliona tu vitu vidogo. Nilimwambia konda wa matatu arudishe change na akarudisha. Kwa fellowship nilisoma andiko mbele ya watu na sauti ikafika mwisho wa mstari.

Halafu ikaja ile Saturday.

Tuliamshwa na lori. Tukitoka nje tunapata vijana wanachimba mashimo kwa uwanja wetu, mabati yamepangwa pembeni, nguzo zimelala juu ya kamba zetu za nguo. Wenye waliishi Nairobi miaka hiyo mnajua. Unalala ukiwa na uwanja, unaamka unaambiwa ni plot ya private developer.

Court nzima ilitoka. Wanaume wakapiga kelele mpaka chifu akaitwa. Akaja, na huyo developer akaja pia, bwana mnene wa suti, mpole kabisa. Huo upole ndio ulinitisha.

Mzee Okumu, chairman wetu, akaongea. Alikuwa mwalimu mstaafu, anaongea vizuri, lakini yule bwana alimsikiliza akitabasamu tu. Alipomaliza, bwana akamgeukia chifu.

"Chifu, hawa wanaume mchana wako kazini, hawajui mambo ya hapa. Mimi niliongea na akina mama wa court hii. Wote wamekubali. Tena walifurahi, nitawajengea vibanda vya biashara."

Wakuu, alitupata hapo.

Waume zetu wakageuka kutuangalia. Sisi tukaangaliana. Kila mama anajiuliza ni nani alikubali. Mama Chebet ananiangalia kama labda ni mimi! Na nikaona hesabu ya yule bwana. Alijua hatutajibu. Dakika hiyo ikipita, imekuwa ukweli.

Nikasikia koo linaanza. Lile tonge. Likapanda likakaa pale pale.

Nikavuta pumzi kwa pua. Nikafunga midomo. Mmmm, chinichini. Mama Chebet aliruka kidogo, nilikuwa nimesimama karibu naye.

Nyuki yule akazunguka shingoni. Tonge likatikisika.

"Mimi sikuulizwa."

Ilikuwa sauti yangu. Haikuwa hata ya hasira. Ilitoka nzito, pana, ikafika upande ule mwingine wa uwanja na vijana wa mashimo wakasimamisha kazi.

Yule bwana akatabasamu. "Mama, pengine haukuwepo siku hiyo…"

"Mama Chebet!" nikaita. "Wewe uliulizwa?"

"Aka! Sikuulizwa!"

"Mama Njeri! Uliulizwa?"

"Na nani? Huyu? Hata salamu hajanipa!"

"Mama Otieno!"

"Sikuulizwa!"

Nikaenda hivyo, mlango kwa mlango, nawaita kwa majina ya watoto wao, na kila mmoja akiitwa anapiga hatua moja mbele. Nilipofika upande wa pili hata sikuhitaji kuita. Walikuwa wanajitaja wenyewe. "Mama Brenda, sikuulizwa!" "Shosho wa kona, na uzee wangu huu, sikuulizwa, na mimi siendi popote, niko hapa kila siku!"

Wanjala alikuwa mbele yangu. Aligeuka akaniangalia kama mtu ameonyeshwa chumba kwa nyumba yake ambacho hakukijua.

Chifu akakuna kichwa. Akamuuliza yule bwana, polepole, "Sasa hao akina mama uliongea nao ni wa court gani?"

Kicheko kilichotoka hapo, walikisikia mpaka mtaa wa Umoja.

Bwana akasema atafuatilia. Chifu akasema kazi isimame. Lori ikapakiwa mabati yake, na kabla haijafika gate tulikuwa tumeanza kujaza mashimo, wengine na majembe, wengine na miguu. Mzee Okumu alivua koti akashika jembe.

Sitawadanganya kwamba ikaisha hapo. Watu wake walirudi na vipimo. Wakatukuta tumekaa katikati ya uwanja na masufuria, tunamenya viazi, tunapiga story. Wakarudi zao. Kona moja ya nyuma baadaye ilichukuliwa, kuna maduka hapo sasa. Lakini uwanja wenyewe upo. Ukipita leo utapata watoto na mpira.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo huwa nawaficha watu.

Baada ya siku hiyo nililewa sauti. Koo limefunguka, nani atalifunga? Nilimwambia manager mambo yake yote kwa mkupuo mmoja. Nilimwambia dada mmoja wa fellowship kwamba sala zake ni ndefu kuliko mahubiri. Mama mkwe akaja kutoka Bungoma, akasema chai yangu ni nyepesi, nikamjibu paragraph nzima. Mama wa watu akaweka kikombe chini.

Nikamwendea Bhavna nikijua atanipongeza. Nikamsimulia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

"Umesahau nusu ya mantra."

"Nusu gani?"

"HA inafungua. M inafunga midomo. Wewe siku hizi ni HA, HA, HA tu. Hiyo pia ni koo lisilo sawa. Kusawazisha ni zote mbili."

Aki wakuu, hiyo iliniingia kuliko kitu chochote.

Kesho yake asubuhi nikapika chai. Mama mkwe akaonja. Akasema, kwa uangalifu sasa, "Nekesa, leo pia umeweka majani kidogo."

Nikavuta pumzi. Nikafunga midomo nikaiacha ingurume kidogo. Halafu nikamwekea mkebe wa majani mezani.

"Mama, weka unavyopenda. Na juzi nilikujibu vibaya."

Akaweka majani. Akakoroga. Akaniangalia.

"Hiyo unaimba ni nini?"

"Ni kupumua tu, Mama."

"Basi uwe unapumua hivyo," akasema, akanisukumia kikombe chake nionje.

Ilikuwa chungu kama dawa. Nikanywa yote.

Funzo langu ni hili. HAM haikunipa maneno, nilikuwa nayo tangu zamani. Ilinipa njia ya kuyapitisha, na baadaye ikanifundisha yapi ya kubaki nayo. Kama ni mantra, kama ni pumzi, kama ni Mungu alitumia Mhindi wa Kisumu, mimi siwezi kuapa. Koo likikuuma kweli nenda hospitali kwanza, kama nilivyoenda. Na kama imani yako inakataa, usilazimishe.

Sasa nataka kusikia kwenu. Kuna mwenye amewahi kufungwa koo siku alihitaji kuongea? Ulifanya nini? Na kama kuna mtu wa Buru anakumbuka asubuhi ya zile nguzo, jitokeze uwaambie hawa kama nimeongeza neno.