Mafuta ya Karanga na Moyo wa Mume Wangu

Mume wangu alirudi kutoka Salamabila juu ya pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na mwanamume mwingine aliyemshika kwa nyuma asianguke. Kule alikuwa akiuza nguo na sabuni kwa wachimba dhahabu. Kawaida yake, akiingia Kasongo, sauti yake ilifika nyumbani kabla yake. Siku ile hakusema kitu. Uso ulikuwa na rangi ya majivu, shati limelowa jasho, na mkono umekandamiza kifua kana kwamba anazuia kitu kisitoke.

Hospitalini walimlaza. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alinieleza kwamba mishipa inayopeleka damu kwenye moyo wake imeanza kuziba, na presha iko juu. Alimpa vidonge vya kumeza kila siku. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, unapikaka na mafuta gani?"

"Mawese. Kama watu wote."

"Na kule Salamabila anakulaka nini?"

Hilo nililijua vizuri, maana alikuwa akilisifu kila akirudi: nyama ya mbuzi ya kukaangwa kando ya barabara, na mandazi yanayotolewa kwenye mafuta yaliyokaa jikoni mpaka yakawa meusi. Hata nyumbani, nikichemsha mbuzi, alisubiri mchuzi upoe apate kukwangua yale mafuta meupe yaliyoganda juu.

"Sikukatazi mafuta," daktari akasema. "Mwili unayahitaji. Lakini mafuta hayafanani. Yale yenye kuganda, kama ya mbuzi, yakizidi yanaharibu mishipa. Mawese nayo iko na tabia hiyo kidogo, kwa hiyo upunguze. Yale meusi ya kukaangia kila siku, aache kabisa. Umupe samaki, karanga, avoka. Mafuta ya humo yanasaidia moyo. Chumvi nayo iwe kidogo. Na vidonge asiache, hata akijisikia muzima. Chakula kinasaidia dawa, hakichukui nafasi yake."

Nilirudi nyumbani kwa watoto nikiyarudia maneno hayo moyoni, nisipoteze hata moja.

Siku chache baadaye wifi yangu alifika kutoka Lusangi. Ni dada mkubwa wa mume wangu. Mama yao alipofariki, huyu ndiye aliyembeba mgongoni mdogo wake, akamlisha, akamkuza. Kwa hiyo ndani ya nyumba yangu ana sauti kuliko yangu. Alikuja na kuku wawili na bidoni la plastiki lililojaa mawese kutoka michikichi yake mwenyewe, mawese mekundu, mazito, yenye harufu ya moto wa kuni.

"Haya ni ya kumurudishia ndugu yangu nguvu," akasema.

Nilimshukuru nikaliweka jikoni. Jioni nikapika sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Nilitia mawese kidogo tu, halafu nikakoroga karanga za kusaga. Sahani ilipofika mbele yake, wifi aliitazama kwa muda mrefu.

"Hii ni sombe ao ni majani ya kulisha mbuzi?"

"Daktari alisema tupunguze mawese, wifi."

"Sisi wote tulilelewa na mawese. Baba yetu alikufa muzee, meno yake yote iko mukinywa."

Mume wangu alikula bila kuinua macho.

Tuliishi hivyo. Bidoni halikupungua sana, na kila asubuhi wifi alilitikisa kusikia limefika wapi. Kwake halikuwa suala la mafuta. Zawadi yake ilikuwa imekataliwa. Na mume wangu alianza kukonda. Daktari alikuwa amesema ni vizuri apungue, lakini kwetu mtu akipungua hakuna anayempongeza. Mtu akikonda huku anashika kifua, hawazungumzi habari ya mishipa. Wanasema sumu. Na wakisema sumu, wanamtazama anayeshika mwiko.

Nililisikia neno hilo bila kutamkwa. Nilifika kisimani na mazungumzo yakakatika. Jirani ambaye kila siku aliniomba chumvi na kiberiti akaanza kuviomba kwingine. Wifi naye akaleta kiti jikoni, akawa anakaa pale ninapopika, macho kwenye vidole vyangu. Siku moja alichovya kidole kwenye bakuli la karanga za kusaga, akalamba, akatema kwenye jivu.

Nilimuuliza mume wangu tukiwa wawili tu. "Na wewe unanishuku?"

"Nani alisema vile?"

Halikuwa jibu. Alivuta kanzu yake msumarini akatoka.

Ijumaa moja alirudi kutoka msikitini akiwa na njaa. Nilimwandalia wali, samaki wa mto Lualaba niliyempika kwa nyanya na mafuta ya karanga kidogo, na tunda la avoka, yaani parachichi, pembeni. Alikula vizuri. Alikula hata akatania kwamba samaki huyu amenenepa kuliko yeye. Alikuwa amemaliza kama nusu ya sahani aliposema ameshiba, akasimama kwenda kunawa mikono. Akafika mlangoni, akashika mwimo, akateleza taratibu mpaka chini, mgongo ukikwaruza ukuta.

Nilimfikia pamoja na wifi. Alikuwa anapumua, lakini macho yalikuwa mbali. Wifi alimlalia kifuani akipiga kelele, "Wamemuua! Wamemuua ndugu yangu!" Watu wakaingia, mmoja akakimbia kuita pikipiki. Katika vurugu ile nilimwona wifi akisimama. Alichukua ile sahani, akaifunika kwa sahani nyingine, akazifunga zote mbili katika kitenge. Mpaka hapo nilikuwa nikiogopa kubaki mjane. Sasa niliogopa kitu kingine.

Hospitalini walimwingiza ndani, sisi tukaambiwa tungoje uani. Baba mdogo wa mume wangu alifika na wanaume wengine wa ukoo, bado wamevaa kanzu zao za swala. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Mwanangu," akasema, "umemupa nini?"

"Wali na samaki, baba. Na avoka."

"Kitu kingine hapana?"

"Wallahi, hapana."

Wifi aliweka kitenge juu ya benchi akakifungua. "Kama ni samaki, akule. Akule sisi wote tuone."

Hakuna aliyesema usile. Watu waliokuwa wakisubiri wagonjwa wao waliacha kuongea wakageuka. Niliitazama ile sahani. Nilimpika samaki yule kwa mikono yangu, nilijua kila kilichoingia ndani, lakini nitasema kweli: kwa kitambo kidogo hata mimi nilimwogopa. Hofu ya watu wengi inaingia mwilini kama baridi. Nilijiuliza kama kuna mtu aliyepita jikoni nilipokwenda kuchota maji. Nilijiuliza watoto wangu watalala kwa nani.

Kisha nikakaa, nikasema bismillahi, nikala.

Wali ulikuwa umeganda. Avoka ilikuwa imegeuka nyeusi. Nilikula huku nikihesabiwa kila tonge, watu wote wakitazama koo langu linavyomeza. Nilimaliza samaki, nikafyonza na miiba, nikageuza sahani waione ndani. Kisha tukangoja. Wao walikuwa wakingoja nianguke. Kwenye benchi lile refu hakuna aliyekaa karibu nami.

Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa ua daktari alipotoka.

"Anaishi," akasema. "Ameamka na anaongea." Alitutazama mmoja mmoja. "Nani amekuwa akiangalia vidonge vyake?"

"Anavichukua mwenyewe," nikasema.

"Havichukui. Ameniambia sasa hivi. Ameviacha tangu aliposikia nafuu, eti vinamukojoza njiani, na kwa sababu anakula kama mugonjwa basi hiyo inatosha kupona. Presha imepanda, moyo umekosa kupiga sawasawa."

Baba mdogo alikohoa. "Daktari, haiko sumu?"

"Sumu gani? Ni ule ugonjwa wake wa mwanzo."

"Na ile chakula?" wifi akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Chakula gani?"

Nikamtajia. Daktari akatikisa kichwa kukubali. "Iko muzuri. Muendelee vile vile. Lakini samaki hashindi peke yake."

Wifi hakuniomba msamaha. Alitoka, akarudi na kikombe cha maji, akakiweka mkononi mwangu, akakaa benchi lile lile, karibu kiasi kwamba mabega yetu yaligusana. Nilikunywa yale maji bila kumtazama.

Waliponiruhusu kuingia, mume wangu alijaribu kutabasamu. Sikumrudishia.

"Wamenilisha sahani yako uani," nikamwambia. "Mbele ya watu wote."

Alifumba macho. Machozi yalitoka pembeni yakaingia masikioni, hakuyafuta. "Nilijua huwezi kuniwekea kitu."

"Mbona hukusema?"

"Dada yangu ndiye alinilea. Niliona haya kumusimamia."

"Haya yako yangeniua mimi. Sema leo, ama nirudi kwa watu wetu."

Alijiinua kwa kiwiko. Kisha akaomba waitwe dada yake na baba mdogo. Walisimama miguuni mwa kitanda. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini aliisukuma mpaka ikafika.

"Mwenye kunipikia ni huyu. Mutu mwenye kumushuku, ananishuku mimi. Vidonge niliacha mimi mwenyewe. Musitafute mutu mwingine."

Baba mdogo alisema, "Tumesikia." Wifi alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

Alibaki kwetu mpaka mdogo wake alipoweza kutembea hadi msikitini na kurudi. Asubuhi moja niliamka nikasikia kinu: alikuwa anatwanga karanga, peke yake, amenipa mgongo. Sombe yangu hakuisifu. Alisema imekosa roho, nami nikaongeza kijiko cha mawese yake, si zaidi, akaila. Mawese yaliyobaki bidoni nilimgawia yule jirani wa chumvi, ambaye alianza tena kuja mlangoni kana kwamba hakuwahi kuacha.

Mume wangu sasa anauzia sokoni hapa Kasongo. Barabara ya Salamabila amemwachia mwenzake. Kidonge chake anakimeza asubuhi mbele yangu, na daktari akimpima anasema presha imetulia, ingawa mishipa haiwi mipya. Akipita penye mbuzi wa kukaangwa bado anapunguza mwendo, na mimi namvuta mkono.

Kabla sijampakulia, ninaonja kila chungu hapo hapo mbele yake. Ameniambia niache, hakuna anayenidai. Ninajua. Bado ninaonja.